Kushinda mlima na kushinda mlimani

Zamani si nyingi, mtu mzima aliyeonekana katikati ya Nairobi alfajiri ya Jumamosi akiwa amevaa raba na kofia ya jua, na mkoba mgongoni, alidhaniwa ama kuwa mwalimu wa michezo ama kuwa mtu anayewakimbia wadai wake. Leo hakuna anayegeuka kumtazama. Magari ya abiria hupanga mstari kando ya barabara, vijana huita majina kutoka katika orodha iliyo simuni, na kabla jua halijapanda misafara huwa imekwisha kuelekea Ngong, Kilimambogo, Nyandarua au Longonot. Karani wa benki hukaa kiti kimoja na fundi wa umeme, na muuguzi aliyetoka zamu ya usiku husinzia begani mwa mtu asiyemjua. Mimi nalishangilia jambo hili. Kwa muda mrefu mno Wakenya tuliijua milima yetu katika vitabu vya jiografia na kalenda za ukutani, tukawaachia wageni kazi ya kuikanyaga.

Hata hivyo nimeshika kalamu kwa sababu ya jambo lililotukia mwezi wa Februari mwaka huu katika mlima Longonot, ambalo tangu siku hiyo limekataa kuniondoka akilini.

Tulikuwa watu thelathini na mmoja. Tulikuwa tumeagizwa kuondoka Nairobi saa kumi na mbili asubuhi, lakini kama ilivyo desturi yetu, waliofika mapema waliadhibiwa kwa kuwangojea waliochelewa, tukang'oa nanga saa mbili kasorobo. Kando yangu aliketi mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mama wa miaka sitini na miwili, aliyevaa sketi ndefu juu ya suruali na kubeba leso iliyokunjwa ndani ya mfuko wa plastiki. Nilipomuuliza kilichomtoa nyumbani, alinijibu pasi na kusita kwamba alikuwa ameuchora Longonot ubaoni kwa miaka thelathini na minne, shimo lake na kingo zake, kwa chaki nyeupe na ya rangi, na sasa alitaka aende akaone kama alikuwa akiuchora sawasawa.

Tuliteremka genge la Bonde la Ufa, tukalipita lile kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano mwaka wa 1942, tukaingia Mai Mahiu, mji ambao jina lake kwa Kikuyu ni maji ya moto tu, wala si zaidi. Mlima ulikuwa mbele yetu muda wote huo, umejikunja kama mtu aliyeketi na kujifunika blanketi.

Jina la mlima huo lenyewe linastahili kusimamiwa kidogo, na msomaji anisamehe, maana hii ndiyo kazi inayonilisha. Longonot si neno kamili. Wamaasai huuita Oloonong'ot, na maana yake, kwa jinsi inavyoelezwa, ni mlima wenye migongo mingi, au miinuko mingi ya kusimama wima. Waliolipokea jina hili na kulitia katika ramani waliikata irabu ya mwanzo, wakazivuruga sauti za katikati, wakabaki na gofu la neno. Ndivyo pia Enaiposha lilivyogeuka kuwa Naivasha. Jirani yao Olkaria aliponea chupuchupu, akabaki na kile kiambishi ol- ambacho katika Kimaa huonyesha jinsi ya kiume. Jina lake ni la ule udongo mwekundu wa kujipaka, ijapokuwa leo ukilitaja mbele ya Mkenya atafikiria umeme, kwa sababu ndipo mitambo ya kwanza ya mvuke wa ardhini ilipoanza kazi mwaka wa 1981. Ninachotaka kusema ni kwamba mtu aliyeupa mlima jina la Oloonong'ot alikuwa ameutazama. Ukiukaribia utaona jinsi ubavu wake ulivyochongwa na mvua kuwa migongo na mifereji, mgongo baada ya mgongo, kama kitambaa kilichokunjwa na mshonaji. Jina hilo ni maelezo, na tena ni onyo.

Kwa vipimo vya nchi hii Longonot si mlima mrefu. Kilele chake kimo mita 2,776 juu ya usawa wa bahari, kiasi kinachozidi nusu ya kimo cha Mlima Kenya kwa kidogo tu. Mbuga iliyouzunguka, iliyotangazwa mwaka wa 1983, ina ukubwa wa kilomita 52 za mraba. Kutoka langoni hadi ukingoni mwa shimo ni kilomita 3.1, ukingo wenyewe, ukiuzunguka wote, ni kilomita 7.2, na ukijumlisha kupanda, kuzunguka na kushuka unapata kama kilomita 13.5. Anayezisoma tarakimu hizi akiwa sebuleni huona kwamba ni mwendo wa kwenda sokoni na kurudi mara mbili tatu. Tarakimu hazikwambii kwamba ukingo huo haukulainishwa kama mdomo wa chungu. Unapanda na kushuka kama meno ya msumeno, na mahali pengine ni mwembamba hata mtu hupita shimo likiwa upande mmoja na mteremko upande wa pili. Hazikwambii kwamba njia ni jivu la volkano, laini kama unga, ambalo mvua na viatu vimelichimba kuwa mifereji, mguu ukikanyaga hapa hufika pale. Na hazikwambii kwamba huko juu hakuna tone la maji wala kivuli cha kutosha watu wawili.

Kiongozi wa msafara wetu, kijana mchangamfu mwenye sauti ya mnadi, alitukusanya langoni saa nne na nusu. Alitueleza mambo mawili: kwamba tusitupe taka, na kwamba gari litaondoka saa tisa kamili, awepo mtu asiwepo. Vijana walishangilia. Baadhi yao walikuwa wamevaa fulana zilizoandikwa kwa Kiingereza kwamba mlima huu wameuteka, ingawa walikuwa hawajapiga hatua hata moja.

Kupanda kwenyewe sitakueleza sana. Ni kuhema na kutazama visigino vya aliyekutangulia. Tuliwaona pundamilia mbali katika nyasi, na harufu ya leleshwa ilitufuata hadi pale vichaka vinapoanza kupungua. Mwalimu alipanda polepole, kama mtu anayepanda ngazi za nyumbani kwake, hakusimama mara nyingi, wala hakusema neno. Nilikuwa nimeuzunguka mlima huu nilipokuwa mwanafunzi, zaidi ya miaka ishirini iliyopita, na niliutambua kwa miguu kabla ya kuutambua kwa macho.

Kisha ukafika ukingo. Hakuna kinachomtayarisha mtu. Unapanda mteremko wa mwisho ukidhani utapata kilele, na badala ya kilele unapata kwamba mlima hauna katikati. Chini yako kuna duara kubwa la msitu, miti imebanana kijani kibichi kama mboga katika sufuria, na kuta zinazoizunguka zimesimama wima. Hapa na pale katika kuta hizo unaona mvuke mwembamba ukitoka, kwa kuwa mlima huu umelala tu. Simulizi za Wamaasai zinakumbuka moto wake katika miaka ya 1860, na wataalamu waliopima ardhi kwa setilaiti waligundua kwamba kati ya 2004 na 2006 ulijiinua kwa takriban sentimita 9, kama mtu anayegeuka usingizini. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita hapa akiwa na wapagazi wake wa Unguja na pwani, aliandika katika kitabu chake cha 1885 kwamba aliposimama ukingoni alishikwa na tamaa isiyoelezeka ya kujitupa humo ndani. Sikupata tamaa hiyo, lakini nilimwelewa.

Vitabu vya shule huliita shimo la namna hii kasoko. Ni neno zuri, na mwalimu alilitumia. Vijana waliokuwa kando yetu walisema kreta, na wengine walisema shimo tu. Mwalimu alisimama pale dakika nyingi huku leso yake akiwa ameifunga kichwani kujikinga na jua. Hatimaye akasema, "Nilikuwa nikiuchora mdogo mno."

Wenzetu walikuwa wamekwisha kuondoka. Tulishika njia upande wa kulia, mimi, mwalimu, na msichana mmoja wa mwaka wa pili ambaye mimi humfundisha fonolojia na ambaye, kwa bahati yangu mbaya, alikuwa akiniita "Daktari" mbele ya kila mtu tangu Nairobi. Tuliufikia ule mwinuko mkali wa kuelekea Kilele Ngamia, mahali ambapo mtu hutumia mikono kama miguu. Hapo napo nilitaka kuwaeleza wenzangu kwamba jina hilo halina "cha" katikati, kwamba ni nomino mbili zilizowekwa bega kwa bega kama askari kanzu au bata mzinga, lakini sikuwa na pumzi ya kutolea maelezo hayo. Juu ya kilele tuliliona ziwa Naivasha liking'aa, Suswa upande wa kusini, na safu ya Nyandarua mashariki ikiwa imevaa mawingu. Tulikula mayai ya kuchemsha aliyokuja nayo mwalimu. Ilikuwa saa saba.

Wahenga walituachia methali kwamba kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Katika kuteremka kilele hicho, mguu wa mwalimu uliteleza katika mfereji wa jivu, akaanguka kwa ubavu, na goti lake likazungushwa kwa namna ambayo goti halikuumbwa kuzungushwa. Hakupiga ukelele. Alikaa kitako, akalishika kwa mikono miwili, kisha akaniambia kwa utulivu, "Daktari, hebu nitazamie goti hili."

Ilinibidi nikiri kwamba udaktari wangu ni wa lugha, na kwamba jambo pekee ninaloweza kusema kwa yakini juu ya goti ni kuwa limo katika ngeli ya LI-YA. Alicheka hata machozi yakamtoka, nami mpaka leo sijui kama yote yalikuwa ya kicheko. Msichana wangu aliichukua leso, akaikunja kwa ufundi ambao hakuupata darasani kwangu, akalifunga goti barabara. Wapita njia wawili wa kundi jingine walituachia fimbo, wakaenda zao.

Sasa tazama mahali tulipokuwa. Njia ya kwenda na kurudi ina huruma yake. Mtu akichoka hugeuka, na kila hatua humrudisha karibu na nyumbani. Njia ya mzunguko haina huruma hiyo. Kurudi tulikotoka kulikuwa karibu zaidi, lakini kulimaanisha kukikwea tena kilele tulichokwisha kukishuka, na kukishuka upande wa pili ulio mkali vilevile. Kuendelea mbele kulikuwa mbali zaidi, ingawa nilikumbuka kwamba upande huo hauna mwinuko mwingine wa kiasi hicho. Njia ya mkato hakuna. Kushoto ni shimo, kulia ni mifereji ya Oloonong'ot. Tulikuwa na lita moja na nusu ya maji kwa watu watatu, na jua lilikuwa utosini.

Nilimpigia simu kiongozi wetu. Mtandao ulikuwapo, jambo ambalo nalihesabu kuwa neema. Alisema kwamba yeye na walio wengi walikuwa wanakaribia kuukamilisha mzunguko, na kwamba tujikaze. Nilimuuliza ni nani aliyekuwa amewekwa nyuma ya kundi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Daktari, si wewe ndiye uliye nyuma?"

Nilikasirika wakati huo. Baadaye nilitambua kwamba lilikuwa jibu la kweli kuliko alivyokusudia.

Tulimwachia mwalimu aamue, kwa kuwa goti lilikuwa lake. Alitazama nyuma kwenye kilele, akatazama mbele kwenye ukingo unaopinda, akasema kwamba hakuja kuona nusu ya duara. Tukaenda mbele. Msichana alitangulia akichagua pa kukanyaga, mwalimu akafuata na fimbo, nami nikawa nyuma nikiushika mkoba wake kwa kamba yake, kama mtu anayemshikilia mbuzi asikimbie. Katika miteremko mibaya alishuka kwa kukaa kitako, mguu mmoja mbele, akituambia tusimtazame. Mahali palipokuwa tambarare alitueleza jinsi volkano inavyojijenga tabaka juu ya tabaka na jinsi paa lake linavyoporomoka likikosa cha kulishikilia chini, na nina hakika kwamba alikuwa akitufundisha ili asilie. Msichana wangu alimuuliza maswali. Hajawahi kuniuliza maswali mengi kiasi hicho.

Saa tisa ilitukuta bado tuko ukingoni. Hatukusema kitu. Kila mmoja alitazama saa yake kwa siri.

Tulifika langoni saa kumi na nusu. Gari lilikuwapo. Wenzetu walikuwa wametawanyika chini ya migunga, wengine wamelala, wengine wamenuna, na dereva, mzee wa makamo mwenye kofia ya sufi, alikuwa ameketi kwenye jiwe akinywa chai. Nilielezwa kwamba gari lilikuwa limekataa kuwaka tangu saa tisa kasoro dakika tano. Mzee alipotuona aliinuka, akaukung'uta ufunguo kutoka mfuko wa shati, akamsaidia mwalimu kupanda. "Mwalimu, umeshindaje huko?" akamuuliza. "Nimeshinda vizuri, baba," akajibu mwalimu. Mzee aliketi nyuma ya usukani, na gari likawaka mara moja.

Neno hilo la mzee ndilo limenifanya niandike. Kiswahili kina vitenzi viwili vinavyotamkwa shinda. Kimoja ni kile cha kumzidi mtu nguvu, cha mpirani na cha uchaguzini. Kingine ni kile cha kupitisha mchana mahali au katika hali fulani: mtoto ameshinda kwa jirani, maskini ameshinda na njaa, umeshindaje. Kitenzi cha kwanza hutaka kitu cha kushindwa. Cha pili kinataka mahali tu. Ndiyo maana kushinda mlima na kushinda mlimani, ijapokuwa vimetenganishwa na silabi moja ya mwisho, ni safari mbili tofauti kabisa. Kuna jambo jingine. Shinda ile ya kwanza ina kauli ya kutendwa, yaani kushindwa, na yeyote anayeitumia lazima awe tayari kuitumikia kauli hiyo siku moja. Shinda ya pili haina. Hakuna Mswahili anayeweza kusema kwamba mtu ameshindwa kwa maana ya mchana; mchana ukipita umekuwa naye, basi.

Msomaji asidhani kwamba namlaumu kijana aliyevaa fulana ya kuuteka mlima. Lugha hiyo ameikopa pamoja na viatu. Ninachosema ni kwamba kundi linapokwenda kuushinda mlima, aliye nyuma huwa ni hasara. Huwa ni dakika zinazopotea. Na kundi linapokwenda kushinda mlimani, aliye nyuma ni mtu anayeshinda kama wengine. Garini, tulipokuwa tunaupanda tena ule ukuta wa bonde kurudi Nairobi, nilimsikia mmoja akimwambia mwenzake, kwa sauti aliyodhani ni ya chini, kwamba wazee wangebaki langoni. Mwalimu alikuwa amelala, au alijifanya kulala.

Nilikwenda kuketi na kiongozi. Nilikuwa nimetayarisha hotuba, lakini alinitangulia. Aliniambia kwamba gari si lake, kwamba amelikodi hadi saa kumi na moja jioni na kila saa inayozidi anailipia mfukoni mwake. Kwamba akipandisha nauli watu watahamia kwa mwenzake anayetoza kidogo. Kwamba alipoanza kazi hii, baada ya kuachishwa kazi hotelini mwaka wa 2020 kwa sababu ya korona, alikuwa akitembea na msaidizi nyuma, lakini mshahara wa msaidizi ndio uliokuwa faida yote. "Watu ishirini na wanane wameketi juani kwa ajili ya watatu, Daktari. Wewe ungefanyaje?" Si swali la kipumbavu. Nililikalia kimya kwa muda mrefu, giza likianza kuingia.

Jibu langu, ambalo sikuwa nalo siku hiyo, ni hili. Ningeondoka Nairobi gizani, ili mzunguko uwe umekwisha kabla ya jua la saa saba, na asiyefika kwa wakati aachwe Nairobi, mahali ambapo kuachwa hakuumizi mtu, badala ya kuachwa mlimani. Ningewaambia watu ukweli kwenye tangazo: kwamba ukingo huu ni mkali, kwamba hauna maji, kwamba ukikipita Kilele Ngamia kurudi ni kugumu kama kuendelea, kwa hiyo mahali pa kujipima ni pale ukingoni, unapofika tu, kabla ya kuanza kuzunguka. Aliyefika ukingoni akalitazama lile shimo na kuteremka zake ameuona mlima, na hana deni na mtu. Ningemweka mtu wa nyuma, asiyeruhusiwa kumpita yeyote, anayejua kufunga goti. Na kama fedha yake haitoshi, ningeiongeza katika nauli ya kila mmoja na kuiandika waziwazi hicho ni cha nini. Na ningependa wenye mamlaka ya kutoa leseni wamdai kila anayekusanya fedha za watu kwa ajili ya milima aonyeshe cheti cha huduma ya kwanza, kama vile dereva anavyodaiwa leseni ya kuendesha. Najua jinsi sheria za namna hii zinavyogeuka hapa kwetu kuwa nafasi nyingine ya kuzunguka mbuyu. Hata hivyo heri kuuzunguka mbuyu kuliko kumzunguka mtu aliyeketi njiani akilishika goti lake.

Juma lililopita kiongozi yule alinipigia simu. Goti la mwalimu limepona kiasi. Amekwisha kumwuliza kuhusu safari ya Suswa, na amekataa katakata kuambiwa umri wake. Kijana alikuwa na ombi. Anapeleka kundi jingine Longonot mwishoni mwa mwezi, na alitaka kujua kama ningekubali kutembea nyuma ya watu wake, bila nauli. Nilimwambia kwamba nitakuja, mradi tuondoke saa kumi na moja alfajiri, na mradi yule mzee wa kofia ya sufi ndiye atakayeendesha gari.